Mtobe Nilioukana

Nilimwahidi shangazi yangu Skola, dada yake baba, kwamba ningesema kweli mbele ya watu. Kila ninapopita penye duka la pembejeo na kunusa ile harufu ya vitunguu vilivyooza ndani ya mafuta ya taa, ahadi hiyo hunirudia.

Tulikaa Muyama, miaka ya sabini. Dawa ya kunyunyizia kahawa ilikuja katika makopo ya bati yenye mfuniko wa kukaza, na kopo tupu lilikuwa heshima ya nyumba. Baba alimbembeleza bwana shamba siku nyingi ndipo akalipata. Mama alilisugua kwa majivu na maji ya moto. Fuvu lililochorwa ubavuni halikufutika. Pacha wangu Butoyi alilibandika jina la mwalimu wetu wa hesabu.

Mama alikuwa ametukataza kula kwa shangazi, kwa kuwa hakuzaa na watu walimsema. Siku moja aliponiita, nilikunywa kwake mtobe, yale maji matamu ya ndizi mbivu, kata nzima. Kisha akanipa kibuyu cha mtobe nipeleke nyumbani. Mama, bila kutaka kumwaga kitu kitamu, aliumimina mtobe ule ndani ya kopo. Butoyi aliamka wa kwanza asubuhi, akaunywa. Punde mate yalimchuruzika, mboni zikawa ndogo kama tundu la sindano, mwili ukatetemeka. Saa ya kwenda shule alikuwa amekufa. Hakuna aliyelitazama kopo; wote walisema shangazi ameuroga mtobe.

Balozi wa nyumba kumi aliitisha kikao. Kabla hakijaanza, shangazi alinivuta kando.

“Bukuru, mwanangu, sema tu kwamba ulikunywa kwangu ukalala mzima.”

“Nitasema, masenge,” nikamjibu, yaani shangazi kwa lugha ya kwetu.

Lakini baba aliketi na fimbo magotini.

“Wewe, ulikunywa kwake?” balozi akauliza.

“Sikunywa.”

“Haya Skola, shahidi wako huyo!” mtu akadakia, na kikao kizima kikaangua kicheko. Shangazi hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi.

Alifukuzwa siku ileile. Watoto walimfuata njia ya Kitanga wakiimba “mchawi tasa” na kumrushia madongo. Nami nilirusha. Nilikuwa na shabaha nzuri. Baba alimzawadia balozi lile kopo kwa kutuondolea balaa, na balozi alikuwa na watoto sita.

Shangazi alifia ugenini kabla sijafika chuoni, nilikojifunza kwamba majivu hayaitoi sumu ile katika bati. Aliyeitengeneza alilijua hilo. Alichora fuvu, akafunga lango la kiwanda, akahesabu kazi yake imekwisha. Kwa miaka mingi nilimchukia yeye peke yake, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujichukia.

Ndugu msomaji, ikiwa unatengeneza dawa hizi, au unaziuza, nakuomba jambo moja: yafuate makopo yako matupu huku vijijini, uyarudishe kiwandani.