Betri ya Hita

Juzi nilibadilisha betri ya hita ya gesi, na ile tik-tik ya kuwashia ikanirudisha nyumbani kwetu milimani, Jabal al Akhdar, alasiri moja ya baridi kali. Mama alikuwa akibadilisha betri kama hiyo, harufu ya gesi imetanda sebuleni.

"Ukikosea hapo, nyumba nzima itaripuka," alisema Bibi, aliyekulia kwenye majiko ya makaa ya Unguja.

Mama akanikabidhi betri kuukuu. Niliamini mripuko umo ndani yake. Nikaganda, mikono nimeinyoosha, naogopa hata kupiga chafya.

"Iweke chini, we!"

"Nikiiweka tutakufa, Mama."

Mama akacheka. Bibi hakucheka, alinifungulia mlango wa nje, akaninong'oneza, "Polepole, mjukuu wangu."

Leo nina shahada mbili. Betri ya juzi pia niliitoa nje polepole, kwa mikono miwili.