Kilio cha Achieng' na Jina Langu

Siku niliyoulizwa swali lile naikumbuka hata kwa shati nililovaa, jeupe la kola ndefu, nililoliazima kwa jirani yangu wa Kaloleni. Mwanangu, umeniletea karatasi za kampuni ya muziki nizitazame kabla hujatia sahihi. Nimezitazama. Macho yangu yamechoka, lakini neno "mtunzi" nimeliona, na chini yake umejaza jina moja tu, lako. Jana uliniambia kiitikio kilitoka kwa rafiki yako wa Maseno mkiosha vyombo. Basi kaa kwanza. Kuna jambo nitakueleza, na sipendi kulieleza.

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa kijana wa gitaa hapa Kisumu, mwembamba, mwenye maringo yasiyo na sababu. Dada yangu mkubwa, Achieng', alikuwa ameolewa Luanda Kotieno, akianika omena, dagaa wa ziwani, ufuoni. Alikuwa na binti mmoja, Akoth, wa miaka sita. Surua ilimchukua kwa siku tano.

Unajua kwetu msiba haukai kimya. Siku ya mazishi Achieng' alisimama kando ya kaburi akamlilia mtoto wake kwa kuimba, maneno yakimtoka papo hapo. Aliuliza: Akoth, sasa nitamtuma nani kwa jirani aniletee kaa la moto? Nani ataniambia uji unafurika? Alirudia hivyo, sauti ikipanda kisha ikikatika, mpaka wanaume waliokuwa wakifukia kaburi wakasimamisha majembe. Nililia pia. Lakini, nisikufiche, huku nalia vidole vyangu vilikuwa tayari vinatafuta nyuzi.

Baada ya matanga nilimwomba ruhusa niupigie gitaa wimbo ule.

"Piga, owadwa," akasema. Ndivyo dada anavyomwita ndugu yake. "Watu wamjue mtoto wangu. Lakini uwaambie ni mamake aliyelia."

Nikaahidi. Hakuniapisha, aliniamini tu.

Mjini kulikuwa na Bwana Njoroge, mtu aliyekuja kutoka upande wa Murang'a, mwenye duka la santuri. Yeye ndiye aliyeturekodi, akatuma kanda Nairobi kutengenezwa santuri, na nakala moja ikapelekwa maktaba ya redio pamoja na majina ya wahusika. Watu huwasema vibaya wenye kampuni za muziki, na wengine wanastahili kusemwa. Huyu hakustahili. Tulipomaliza kurekodi alichukua fomu, akaniuliza mbele ya wenzangu wa bendi:

"Hii maneno ni ya nani?"

Wenzangu walikuwa wameegemea kaunta. Walikuwa wametoka tu kunisifu kwamba sasa nimekomaa, natunga mambo mazito. Niliona haya kusema kwamba wimbo mzima ni kilio cha dada yangu muuza omena. Na nilitaka kuitwa mtunzi, mwanangu, kichwa kilikuwa kimenivimba.

"Yangu," nikasema.

Bwana Njoroge alinitazama juu ya miwani yake. "Owuor, sema vizuri. Hii karatasi ikifika redio, wanaandika kadi, wanaweka huko. Kesho usikuje kuniambia ingine."

"Ni yangu, Bwana Njoroge. Andika tu."

Akaandika.

Wimbo ulipendwa kupita nilivyotarajia. Asubuhi moja wanawake wa Luanda Kotieno walikuwa wakitandaza omena, redio ya kioski ikiwa imefunguliwa, mtangazaji akasema huo ni wimbo wa Owuor, aliyeutunga kumlilia mpwa wake. Wakamshangilia Achieng'. Wakamwambia ana bahati kuwa na ndugu mwenye uchungu kiasi hicho. Jirani yake aliniambia kwamba Achieng' aliinama tu akaendelea na samaki wake.

Krismasi nilikwenda kumtembelea. Alinichinjia kuku, akaninawisha mikono, kisha akasema, "Watu wanasema ulimlilia Akoth vizuri."

Alikuwa amenipa nafasi, na aliniuma taratibu sana ili nisiaibike mbele ya shemeji yangu. Ningeweza kumwomba msamaha pale pale, na ugali ukiwa bado wa moto. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia asante.

Hakuutaja wimbo ule tena. Ila hakulia kwa kuimba kwenye msiba wowote tangu siku hiyo, yeye ambaye watu walikuwa wakimfuata kutoka vijiji vya mbali. Mama yetu alipofariki, tayari tuko miaka ya sabini, ukoo mzima ulingoja Achieng' asimame. Hakusimama. Shangazi akamgusa bega. Achieng' akasema polepole, bila hasira, na kila mtu akasikia:

"Anayejua kulia ni Owuor. Mwacheni alie."

Wakanigeukia. Nilisimama na gitaa langu, nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Mama yetu alizikwa bila wimbo wa mtoto wake hata mmoja. Nimezeeka, lakini aibu ile bado inanichoma kila nikiikumbuka.

Wiki ile ile nilikwenda kwa Bwana Njoroge nikamwambia ukweli. Hakunicheka. Alipiga barua kwa taipu yake mwenyewe, ya kuomba kadi ibadilishwe, akaacha nafasi mbili za sahihi. "Weka yako. Dada yako naye aweke yake. Uniletee haraka, mimi mwenyewe nitapeleka."

Niliweka yangu. Ya Achieng' ilinishinda, kwa kuwa ningelazimika kumtazama usoni nimweleze. Nilijiambia nitakwenda Jumamosi, kisha Jumamosi nyingine. Barua ilikaa kwenye mfuko wa gitaa karibu miaka miwili. Achieng' akaugua, akafa, nafasi ya sahihi yake ikiwa bado tupu.

Nilimlilia hapo, tena bila gitaa. Halafu nikaichukua ile barua nikaenda nayo maktaba ya redio. Mama aliyekuwa akitunza santuri aliitoa kadi, akaisoma, akaniuliza, "Huyu Achieng' yuko wapi?"

"Amefariki."

"Nani anajua wimbo ni wake?"

"Mimi."

Akanionyesha kadi. "Lakini Bwana, ni wewe ulisema ni yako. Sasa mimi niamini Owuor gani?"

Hakuwa akinisuta. Alitaka kujua aandike nini. Nilirudi Luanda Kotieno kutafuta watu waliokuwa kaburini siku ile, waje wathibitishe. Walikuwa wameshausikia wimbo redioni mara nyingi mno. Waliniambia pole, wakasema nina moyo mzuri, nataka kumpa marehemu zawadi. Hakuna hata mmoja aliyeniamini.

Kwa hiyo, mwanangu, sikiliza. Mwenye kampuni anaandika unachomwambia, na maktaba inahifadhi kilichoandikwa. Wao hawakuwepo mkiosha vyombo. Ukiulizwa maneno ni ya nani, sema kila jina, hata kama waliokuzunguka watakucheka, na ubaki na nakala yako yenye sahihi zote. Ukikosea, rekebisha wakati mwenzako bado yuko hai aweze kutia sahihi. Kwa hiyo kesho usianze na kampuni. Anza Maseno.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe nyimbo, akupe wa kuziimba nao, na jina la mwenzako lisikukwame kooni kama lilivyonikwama mimi. Na siku ukiusikia ule wimbo wa kaa la moto, maana bado wanaupiga, watasema ni wa Owuor. Wewe, popote utakapokuwa, sema kwa sauti: ni wa Achieng', mamake Akoth.