Amina ya Maman Adolphine

Hebu mfikirie Maman Adolphine wa Nyalukemba, mtaa wa Bukavu, akiingia katika ukumbi wa mazungumzo ya amani kati ya serikali na waasi, mwaka 2002, huko kusini kabisa mwa Afrika: kitenge cha kanisani, mkoba kwapani, na kifuani beji iliyoandikwa "mwangalizi". Maana yake, aangalie. Kura hana, bunduki hana, na kipaza sauti cha mezani kwake hakiwaki.

Lakini alikuwa na dada, Rosalie, huko Kamituga. Mwaka wa nne hawajaonana, maana barabara ya kwenda huko ilifungwa na watu walewale waliokuwa wakigombania viti vya karibu na kiyoyozi. Katika mkataba ulikuwamo mstari mmoja wa kuifungua. Asubuhi ya siku ya mwisho ukafutwa. Serikali ikanyamaza, waasi nao wakanyamaza. Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu wafike.

Basi, sisi tunajuana: kikao hakifungwi bila sala. Mwenyekiti akatazama huku na huku. Akimpa mtu wa serikali, waasi watanuna. Akimpa mwasi, serikali itatoka nje.

"Maman, utufungie na sala."

Wakasimama wote, vichwa chini. Adolphine akashukuru kwanza kwa chakula cha hoteli. Kisha akaishika barabara. Akaombea kila daraja, kila kizuizi, na askari wa kila kizuizi, mmoja mmoja. Nusu saa ikapita. Papa Léopold, mjumbe wa waasi, mzaliwa wa Cimpunda, Bukavu vilevile, akanong'ona: "Maman, chakula iko inapoa."

"Itangojea, papa," akajibu, macho amefumba. "Bado sijafika Kamituga."

Nani angethubutu kuketi, arudi Bukavu aitwe mtu aliyekatiza sala? Kwenye daraja la tisa, mwenyekiti akaomba kalamu. Mstari ukarudi, wakatia sahihi wamesimama.

"Sasa sema amina, maman, tukule," Léopold akasihi.

"Amina nitasema siku Rosalie atateremuka lori kwangu." Akaketi.

Miezi mitatu baadaye lori la kwanza likafika, bila Rosalie. Lilileta barua yake: vizuizi vyote vimeondolewa, isipokuwa kimoja, cha watu wa Léopold; mizigo kinapitisha, watu hapana.

Jumapili iliyofuata Léopold mwenyewe akabisha hodi Nyalukemba, kofia mkononi. Tangu siku ile ya sala, alisema, halali vizuri. Ni kama bado amesimama.

"Maman, hiyo kizuizi nitaitosha kule barabarani, nakuapia. Lakini unipe amina kwanza."

Adolphine akamvutia kiti, akamtilia chai, akamtazama.

Wewe ungempa?