Radhi Niliyoombewa kwa Askari

Nimesimama kizimbani mara moja tu maishani mwangu, na nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe, nimevaa tai. Tai hiyo nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya mahafali ya chuo kikuu, na tangu siku ile ilikuwa haijapata kazi nyingine. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mjinga wa aina gani anayezungumza naye.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nikifundisha historia katika shule moja ya sekondari kisiwani, nina gari dogo la rangi ya krimu lililozeeka kabla sijalinunua, na nina mama. Mama magoti yalikuwa yamemkataa. Dada yake mkubwa, khalati yangu, alikuwa amelala kitandani mtaa wa Mbaraki, nusu ya mwili imepooza, na kila Ijumaa baada ya swala nilimpeleka mama akamwone. Teksi hakuitaka. Alisema hawezi kuketi nyuma ya kisogo cha mtu asiyemjua kwao.

"Leseni yako ndiyo miguu yangu," aliniambia, na mama yangu hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Nilikuwa pia na sahibu. Tulisoma madrasa moja, tukapigwa fimbo moja, kisha mimi nikaenda Nairobi kusoma na yeye akarithi duka la vitambaa la babake pale mtaa wa Kuze. Kazi yake iliyoandikwa juu ya mlango ilikuwa kuuza vitambaa. Kazi yake hasa ilikuwa kuombea watu radhi. Mke na mume wakinuniana, yeye huenda. Mpangaji akimtukana mwenye nyumba, yeye huenda. Huvaa kanzu iliyopigwa pasi, akasimama mlangoni akakohoa, na wenyeji wakisikia kikohozi kile hujua radhi imefika na huweka kahawa motoni. Mkosaji mwenyewe si lazima ajue. Mara nyingi husikia baadaye kwamba amesamehewa, na hapo ndipo hufahamu kuwa alikuwa amekosa.

Mambo yalianza na harusi ya dada yake. Alitandaza turubai juu ya kichochoro, kutoka kwenye roshani ya duka lake mpaka kwenye mlingoti wa alama ya barabarani ng'ambo ya pili, akapanda stuli akafunga kamba kwa mikono yake mwenyewe. Alama yenyewe, ile ya kukataza gari kuingia kutoka upande huo, ikafunikwa yote kama bibi arusi. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika stuli.

Jioni yake akanituma Mbaraki nikachukue masufuria ya pilau kwa jamaa zake. Niliporudi, njia ya kawaida ilikuwa imejaa mikeka na akina mama. Nikamwona sahibu yangu amesimama kwenye mdomo wa kichochoro, upande ule ule wa turubai, anapunga mkono.

"Ingia, maalim, ingia! Njia nyeupe!"

Nikaingia. Mbele yangu ukatokea mkokoteni umebeba barafu ya sharubati ya harusi. Nikafunga breki, hamali akafunga visigino, masufuria yakapiga kelele kama bendi, na mapande ya barafu yakateleza moja baada ya jingine mpaka miguuni mwa askari wa trafiki aliyekuwa anatokea upande wa pili.

Askari alikuwa kijana mpole wa kutoka upande wa Kaloleni, mwenye Kiswahili safi. Alitazama barafu, akatazama gari, akanitazama mimi. Nilimweleza juu ya alama iliyofunikwa. Nilimweleza kwa kirefu, nikianzia na asili ya alama za barabarani. Alisikiliza, barafu ikiyeyuka kuzunguka viatu vyake, kisha akasema, "Hayo yote utamwambia hakimu, mwalimu," akaniandikia mashtaka: kuendesha gari kinyume cha njia, na bila uangalifu.

Hilo la pili ndilo lililoniuma. Watu walinionya kwamba kwa hilo hakimu aweza kuizuia leseni.

"Usiwe na wasiwasi," sahibu yangu akasema usiku ule wa harusi, akinipakulia pilau. "Mimi nitakuwa shahidi wako. Nitasema nilichokiona. Turubai lilikuwepo, alama haikuonekana, na mimi ndimi niliyekwambia uingie. Kwisha."

"Wallahi?"

"Yakhe, mimi nawe ni wa kuapiana?"

Basi nikajiandaa. Nilikwenda maktaba nikaisoma sheria ya trafiki kama nilivyosoma vita vya Wareno, nikipigia mstari. Wenzangu shuleni walinishauri nikiri, nilipe faini, nirudi darasani. Ndivyo wanavyofanya watu wote wenye akili. Lakini mimi nilikuwa na haki, na shahidi, na tai.

Asubuhi ya kusomewa mashtaka, mahakama ilijaa madereva. Walipita kizimbani mmoja mmoja kama watu wanaopokea chai. Karani anasoma, dereva anasema, "Ni kweli," hakimu anataja faini, anayefuata. Ikafika zamu yangu.

"Si kweli," nikasema.

Chumba kizima kikageuka. Nyuma yangu dereva mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyu mwalimu ametuletea darasa. Leo hatutoki." Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akanitazama kwa namna ambayo siku hizo niliichukulia kuwa heshima. Akapanga siku ya kusikiliza kesi.

Siku yenyewe, sahibu yangu alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Nilipaswa kulitazama vizuri lile vazi, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye hotuba. Mashahidi husubiri nje mpaka waitwe, kwa hiyo nilimwacha kwenye benchi la ukumbini.

Askari alitoa ushahidi wake taratibu, bila kuongeza kitu. Nikaanza kumhoji kwa Kiingereza cha chuo kikuu.

"Mahakama hii inafahamu Kiswahili pia, mwalimu," hakimu akasema. Madereva wakacheka.

Nikamuuliza kwa Kiswahili kama alama ilionekana. Akakubali kwamba turubai lilikuwa limeifunika. Nilihisi leseni yangu inatulia mfukoni. Nikamwona mama kwa macho ya moyo, ameketi kwa dada yake, anampepea. Ningekaa chini hapo, ningeshinda. Lakini mtu aliyefundishwa kuhitimisha insha hawezi kukaa chini bila hitimisho.

"Basi wakubali," nikasema, "kwamba mimi sikuwa na kosa, na hakuna aliyewahi kusema nina kosa isipokuwa wewe?"

Askari akasita. Alionekana kama mtu anayenionea haya.

"Mheshimiwa," akamwambia hakimu, "kuna mtu alikuja nyumbani kwangu baada ya siku ile. Alijitambulisha kuwa rafiki wa mshtakiwa. Aliniambia, 'Ndugu yetu amekosa, alikuwa na haraka, twakuomba radhi.' Alikuja na sinia la halua. Nilimwambia radhi nimetoa, lakini kesi iko kwa hakimu, na halua nikamrudishia."

Nilishika ukingo wa kizimba. Nilisema huo ni uongo, hakimu akaniambia nitapata nafasi yangu. Na nafasi yangu ilipofika nilifanya jambo moja tu: nilimwita sahibu yangu aingie aukane.

Aliingia, akasalimia kila upande, akauliza kama msahafu uko mahali safi, akaapa. Nikamuuliza kuhusu turubai. Akasema lilikuwepo, na alama haikuonekana. Nikamuuliza nani alilifunga.

Akanitazama. Kisha akatazama juu, kwenye pangaboi.

"Watu wa harusi," akasema.

Hakusema uongo. Yeye alikuwa mtu wa harusi. Nilikuwa na swali lililofuata mdomoni: si wewe, na mimi nikakushikia stuli? Lakini kule nyuma alikuwa ameketi ami yake mzee, aliyekuja kuonyesha kwamba ukoo wao uko pamoja nami, na mtu hamvui mwenziwe nguo mbele ya ami yake. Nikalimeza. Nikauliza kama ni yeye aliyeniita niingie.

"Nilikupungia mkono," akasema. "Ukifika na masufuria, nani asingekupungia?"

Mwendesha mashtaka akasimama, akauliza juu ya ile ziara ya kwa askari. Sahibu yangu akachangamka. Hili alilijua vizuri.

"Naam, nilikwenda. Kwetu ndiyo ada. Watu wawili wakikwaruzana, wa tatu huenda akataka radhi."

"Na ulimwambia askari kwamba mshtakiwa amekosa?"

"Sasa, mheshimiwa, utamtakiaje radhi mtu asiyekosa?"

Hata karani alicheka. Hakimu hakucheka. Aliandika, akageuza karatasi, akaandika tena. Alisema alama ilifunikwa, lakini mshtakiwa amezaliwa mtaani hapo na anajua gari huingilia wapi, na rafiki yake wa karibu kabisa alikwisha kuona kuwa kosa limetendeka. Faini ilikuwa ya kuvumilika. Leseni ilizuiwa mpaka mwisho wa mwaka.

Jioni sahibu yangu alinichukua mpaka bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, tukale mihogo, kama wafanyavyo watu waliomaliza jambo. Tuliketi ukutani, mihogo ya moto ndani ya gazeti, pilipili na ndimu juu yake, watoto wanakimbizana, wauza kahawa wanagonganisha vikombe. Alikula kwa raha. Mimi nilikuwa na tai bado.

"Kwa nini hukuniambia ulikwenda?" nikamuuliza.

"Ningekwambia ungekataa."

"Bila shaka ningekataa! Sikuwa na kosa!"

"Ndiyo maana sikukwambia." Akanisogezea mihogo. "Yakhe, mimi nilitaka yaishe. Yule kijana akasema liko kwa hakimu. Hilo si kosa langu."

"Na turubai? Watu wa harusi?"

Akachambua uzi wa muhogo kwenye jino.

"Wataka nishtakiwe kwa kuziba njia ya serikali, na dada yangu hata hina haijamtoka? Wakwe zake wapya waseme shemeji yao yuko mahakamani?" Akanipiga bega. "Wewe umesoma. Doa kwako ni kama hadithi, utaisimulia. Kwangu mimi ni duka."

Nikahesabu marafiki ambao wangenifanyia vile nikapata mmoja tu, na ndiye aliyekuwa ananilisha. Kilichonichoma hakikuwa kwamba aliogopa. Hata mimi huogopa. Alikuwa amelichukua kosa lake, akalivalisha jina langu, akaenda nalo mlangoni kwa mtu na kanzu yake safi, kisha akarudi nyumbani akalala usingizi wa mtu aliyetenda wema. Na kwa jinsi nilivyomfahamu, usingizi huo ulikuwa wa kweli.

Nilimweleza mama. Alisikiliza, akakunja ukingo wa leso yake.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilisikia kikohozi mlangoni. Moyo uliruka, nakiri. Nilidhani radhi imefika. Nilishakunja uso wangu, uso wa mtu anayesamehe kwa shida, na mama alikuwa ameweka kahawa.

Sahibu yangu aliingia, akambusu mama mkono, akanigeukia.

"Lete ufunguo."

"Ufunguo wa nini?"

"Wa gari. Bi mkubwa atafikaje Mbaraki? Kwa hotuba?"

Mama alikwisha kuvaa buibui. Sijui walisemezana lini. Alitoka ameshika mkono wa sahibu yangu, akaketi kiti chake cha mbele, naye sahibu yangu akakalia kiti changu cha Ijumaa, na dereva huyo hakumsumbua hata kidogo maana kisogo chake alikijua tangu kina upaa wa utotoni. Mimi nikakaa nyuma, na chupa ya uji wa khalati magotini.

Ndivyo tulivyokwenda kila Ijumaa mpaka mwaka ukaisha. Hakukosa hata mara moja. Alifunga duka, alisubiri mlangoni kwa khalati, alimrudisha mama taratibu, akiepa kila shimo. Mama alimwombea dua kwa sauti, njia nzima, na mimi kule nyuma niliitikia amina. Radhi aliwaombea watu wengi mwaka ule: muuza samaki na mkewe, mwalimu wa madrasa na wazazi, hata hamali wa barafu, ambaye nilikuja kusikia kuwa nilimkosea na kwamba amenisamehe. Mlangoni kwangu alikohoa kila wiki, na kila wiki alikuja kuchukua ufunguo.

Siku moja tulipita karibu na kile kichochoro. Turubai lilikuwa limeondolewa zamani, na alama ilikuwa wazi, nyekundu, imeoshwa na mvua. Sahibu yangu alipunguza mwendo, akaitazama, akazunguka kwa njia ndefu.

"Mbona wazunguka, mwanangu?" mama akamuuliza.

"Sheria, bi mkubwa," akasema. "Hapa hairuhusiwi kuingia."

Akaniangalia kwenye kioo. Nilingoja. Tulipita msikiti, tukapita duka la mkate, tukaingia barabara kubwa, na mimi ningali nangoja, nimeshika chupa ya uji kwa mikono miwili isije ikamwagika.