Chumvi Iliyosema Ni Pombe

Waliomuua shemeji yangu ni wawili: ajenti wa forodha hapa Busia, na mtunza maabara wa shule moja ya sekondari. Majina siandiki kwa sababu wana watoto. Lakini wenyewe wakisomewa haya watajijua. Watu wanasema aliuawa na pombe. Pombe ina miguu?

Miaka hiyo ya sabini waragi, pombe kali ya Waganda, ilivuka kutoka Uganda ndani ya mitungi, juu yake mikungu ya ndizi. Mimi nilikuwa mpagazi, nikibeba magunia kutoka kwa malori kuingiza stoo. Shemeji, kaka wa mke wangu kutoka Busibwabo, alibeba pamoja nami. Jioni tulikunywa nyuma ya stoo ya ajenti. Na hofu yetu kubwa ilikuwa maji. Wauzaji walijua mtu aliyechoka hanusi sana, basi unauziwa maji ya mto yaliyoonjeshwa waragi kidogo. Kila muuzaji tulimwangalia kama mwizi, naye alituangalia vivyo hivyo.

Ndipo ajenti akamleta yule wa maabara. Alikuja na kichupa cha chembe za rangi ya chungwa. Akasema ni chumvi ya seriamu, metali adimu. Akaiyeyusha kwenye maji, akadondosha waragi. Papo hapo ikawa nyekundu.

"Boss, umetia rangi," shemeji akasema.

"Leta maji matupu basi."

Tukaleta. Akatia. Haikugeuka.

"Sasa sikieni," akasema. "Mkikaa kunywa busaa, chungu kiko katikati, si ndiyo? Metali ndiyo chungu. Kuna wengine ndani ya chumvi wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake. Pombe ikija, mmoja anasogea, pombe inakaa. Kikao kimebadilika, rangi nayo imebadilika."

"Na maji je?"

"Maji yako hapo tangu mwanzo. Huyo ni mwenyeji, hashtui mtu."

Tulicheka sana. Kuanzia hapo hakuna aliyekunywa kabla ya chumvi kusema. Muuzaji alisimama akitokwa jasho, na ikitoka nyekundu tunampigia makofi.

Kitu kimoja kilinisumbua. Mpimaji mwenyewe hakuonja hata tone. Ukimkaribisha anasema, "Mimi nimeokoka." Na mimi nilikuwa nimemwona Malaba kwa mama mmoja Mteso, mrija mdomoni, macho amefumba kwa raha.

Siku moja ajenti akaleta pombe yake mwenyewe, nyeupe kama maji ya mvua, kwenye pipa la chuma. Alisema imetoka Jinja. Ubavuni mwa pipa palikuwa pamesuguliwa kwa msasa, chuma kinang'aa, kama mtu amefuta maandishi. Nikauliza hapo palikuwa na nini.

"Mzee, wewe unakunywa pombe ama unakunywa pipa?" ajenti akanijibu. Wenzangu wakaangua kicheko, wakaniita polisi.

Chumvi ikatiwa. Nyekundu. Shemeji akanywa ya kwake, akajaza na chupa ya soda ya kwenda nayo nyumbani. Mimi tumbo lilikuwa linaniuma, nikanywa kidogo.

Asubuhi alikuwa amekaa uani kwangu, jua limewaka, akamuuliza dada yake kwa nini hatujafungua dirisha. Mke wangu alidhani ni mzaha. Halafu akaanza kuhema kama aliyekimbizwa. Tulimfikisha hospitali, hakurudi. Mimi nilirudi na ukungu machoni, na mpaka leo naandika kwa herufi kubwa, pua inagusa karatasi.

Daktari alisema hiyo ilikuwa spiriti ya kiwandani, wanayochanganyia vanishi. Nikamweleza habari ya chumvi. Akasema chumvi hiyo inageuka vilevile, maana spiriti ile ni ya ukoo wa pombe. Nikalala na neno hilo. Kwetu mgeni hapewi mrija kabla hajasema yeye ni wa nani. Ile metali inampa yeyote wa ukoo, anayelewesha na anayeua. Sisi hatukujua. Je, aliyesomea chumvi hakujua?

Ajenti alisema pipa alinunua kama sisi tulivyonunua. Hakuna aliyemgusa. Basi nikachukua ile chupa ya soda, shemeji alikuwa ameibakisha nusu, nikapapasa njia hadi shuleni. Mtunza maabara nikamtambua kwa sauti.

"Pole, mzee. Pole sana kwa msiba."

"Nipimie hii."

Kisha nikasikia kioo kikigonga kioo.

"Imekuwaje?" nikauliza, maana kwangu yote ni moshi.

"Nyekundu."

"Basi ni pombe," nikasema, nikiichukua tena chupa.

"Ni jamii ya pombe, mzee. Chumvi haikudanganya."

"Sijasema chumvi imedanganya. Ulijua kwenye jamii hiyo yuko anayeua?"

"Ajenti aliniambia ni waragi."

"Kama ni waragi, kunywa."

"Mimi nimeokoka."

"Kama Malaba ulivyookoka? Kunywa. Kifuniko kimoja tu."

Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma. Chupa ikatoka mkononi mwangu kwa nguvu, na kabla sijasimama ilikuwa inabubujika kwenye sinki, naye ameufungua mfereji wote juu yake, maji yanaenda, yanaenda, mpaka hata harufu ikaisha.