Kiti cha Saa Nne

Ilikuwa mwaka elfu mbili na ishirini na moja. La, nimeteleza. Mwaka huo Mzee Waya alikuwa bado na jino lake la mbele, na siku za habari hii lilikuwa limeshang'oka, maana muuza duka la kompyuta alimcheka kwamba akitamka "swichi" anapiga mluzi. Basi ni ishirini na mbili, miezi ya baridi, jua lilipokuwa la kutafutwa kwa kiti. Hilo la jua nitalirudia.

Mzee Waya hakuwa mtu wa kuandikwa popote. Miaka thelathini na mmoja alipanda nguzo za simu, na simu za mezani zilipokufa moja moja, alirudi nyumbani na mkanda wa kupandia, magoti yenye kelele, na vidole vinavyoujua waya kama mama anavyolijua paji la mwanawe mwenye homa. Wenzake wa rika lile waliingia kwenye kuku. Yeye alianza kufungua kompyuta zilizotupwa, akizipanga vipande mezani kama mtu anayechambua mchele, mpaka mkewe akakosa pa kuweka sahani. Taratibu watu wakaanza kumwita: njoo utuambie tununue ruta gani, njoo utazame mbona mtandao unasinzia.

Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wengi. Hakugusa chombo kabla hajaijua nyumba. Alibisha kuta kwa kifundo cha kidole akisikiliza unene wake. Aliuliza nani analala wapi, jokofu liko upande gani, mlango upi hufungwa mchana. Majibu yote aliyachora kwenye daftari la shule, nyumba moja ukurasa mmoja. Mteja mmoja aliwahi kumaka: "Mzee, nimekuita utengeneze ruta, hujaja kuposa!"

"Ruta haiugui peke yake," alimjibu. "Inaugulia mahali."

Mkewe naye hakumwacha hivihivi. "Ya watu unayaona mpaka ndani ya ukuta. Redio yangu ina mwezi haijasema neno."

"Najua inapouma, mke wangu. Sijapata tu nafasi ya kukaa nayo."

"Basi mimi na redio tutakusubiri."

Asubuhi alipenda kuketi kwenye benchi la duka la kompyuta, si kwa kazi, kwa kupoteza muda tu na kutazama watu wanavyochagua vitu. Watu wengi huchagua kwa macho. Chenye taa nyingi, chenye antena nyingi, ndicho. Hapo ndipo siku moja ya Jumatatu alipoingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu, mkononi ana sanduku la ruta alilonunua dukani humo wiki mbili nyuma.

"Dada, sasa chukua hii," muuza duka akaanza kabla hajasalimiwa. "Antena nane. Hii ukiiwasha, hata jirani wa mtaa wa pili anapata."

"Ile ya kwanza ulisema hivyohivyo," mwanamke akasema.

Mzee Waya akakohoa kwenye benchi. "Nyumba yako ina vyumba vingapi, mwanangu?"

"Vitatu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Na hiyo uliyoshika ina antena ngapi?"

"Sita."

"Vyumba vitatu, antena sita. Kila chumba kina mbili na bado unalia. Ya saba na ya nane zitakaa wapi?"

"Mzee, unanifukuzia wateja!" muuza duka akasema, ingawa alikuwa akicheka.

"Sikufukuzii. Nakuepusha na wa kurudi na machozi."

Mwanamke akaketi kando yake na kumweleza. Kazi yake ilikuwa kusikiliza vikao vya watu kwa visikilizio na kuandika maneno yao papo hapo, kwa ofisi moja ya mbali ambayo hajawahi kuiona hata mlango. Alikuwa kwenye majaribio. Vikao viwili mtandao ulikatika katikati, saa nne asubuhi, na watu wakaendelea kusema maneno ambayo hakuna aliyeyaandika. Ofisi ilimwambia kwa upole kwamba cha tatu kikikatika, wataagana. Na hicho cha tatu kilikuwa Alhamisi, kuanzia saa tatu hadi saa sita.

"Na wakikuaga?"

"Narudi kwenye kazi ya zamani, mjini. Natoka giza, narudi giza. Na nyumbani niko na mama mkwe. Mume wangu anaendesha lori, yuko njiani wiki nzima. Mama magoti yake hayamsikii. Mwaka jana, nilipokuwa bado naenda mjini, alianguka bafuni asubuhi, akakaa sakafuni mpaka niliporudi jioni. Aliniambia hakutaka kusumbua majirani." Akaligeuza lile sanduku magotini. "Kazi hii nimeitafuta kwa ajili yake, mzee."

Alikuwa ameshabadilisha ruta. Kompyuta ameiongezea kumbukumbu, ingawa haikuhitaji. Mafundi wa kampuni ya mtandao wamekuja mara mbili, wakakuta taa ya kijani, wakapima, wakaandika hakuna tatizo. Mmoja aliuliza kama labda yeye mwenyewe anabonyeza vibaya.

Mzee Waya aliuchukia huo msemo, hakuna tatizo, kuliko waya uliokatika. Waya uliokatika angalau unasema ukweli.

Kesho yake, Jumanne, alikwenda. Nyumba ilikuwa ndogo na safi, kuta nene za mawe. Ruta ilikaa sebuleni juu ya kabati, karibu na dirisha. Kwa kuwa ukuta ulizuia mawimbi yasifike chumba cha nyuma alikofanyia kazi yule mwanamke, mwandishi wetu wa vikao, waya wa kijivu uliteremka kutoka kwenye ruta, ukapita chini ya mkeka, ukaingia chumbani hadi kwenye kompyuta. Si kosa hilo. Kwa kuta zile hata yeye angechagua waya.

Sebuleni alikuwepo mama mkwe, mwanamke mrefu aliyeshona nguo za watu maisha yake yote hadi macho yalipochoka. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao chenye mikono mipana, kiti cha marehemu mumewe. Mgeni alipoingia tu, yule mama aliinuka kwa taabu, akamsalimu, akamwachia sebule na kujikokota jikoni. Ndivyo alivyolelewa: mgeni hakukuti umekaa, wala humbani sebuleni. Mtandao ulikaa imara, taa kijani, mpaka saa saba. Fundi alibisha kuta zote, akachora daftarini, akanywa vikombe vitatu vya chai, na hakuona kitu.

Akaaga kwa aibu. Mwandishi alimsindikiza mlangoni akijaribu kutabasamu.

"Labda tumwajiri mama," akasema. "Wallahi mama ana mkono mwepesi. Ikikatika, nikitoka tu chumbani kuja kutazama, yeye anainuka: imekata tena, mwanangu? Pole, ngoja nikutilie chai. Akishika njia ya jikoni, imerudi! Tunakunywa, tunacheka, narudi kazini."

Wakacheka wote wawili. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa akikunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Mzee Waya alikuwa amefika kona ya mtaa, mguu mmoja uko barabarani, aliposimama ghafla mpaka mwenye baiskeli akamtukana. Anainuka. Fundi akija, anainuka. Mkwewe akitoka, anainuka. Kila anayekwenda kuutafuta ugonjwa huo anamwinua kwanza mama kitini, kwa heshima ya salamu. Akafungua daftari lake pale pale. Alikuwa amechora jokofu, kitanda, milango na madirisha. Kiti hakukichora. Miaka yote hiyo alijivuna kwamba anauliza nani anakaa wapi, na huyu mama hakumuuliza, kwa kuwa alimkuta ameshasimama.

Jumatano akarudi, saa nne kasoro robo. Mama mkwe akaanza kujiinua.

"Mama, tafadhali. Leo mimi si mgeni. Nihesabu kama kabati."

"Kabati halinywi chai."

"Basi kabati lenye kiu. Lakini chai baadaye. Fanya unavyofanya siku zote."

"Nikae mimi, wewe uko chini kwenye mkeka? Watu wakiniona?"

"Wakikuona waambie nilidondosha skrubu."

Mama akaguna, lakini akakaa. Mwandishi alikuwa chumbani, mlango umefungwa, akijaribisha mitambo yake kwa ajili ya kesho. Saa nne jua likafika dirishani, likatandika kipande chake cha mwanga sakafuni, si kikubwa kuliko blanketi la mtoto. Yule mama akainuka, akakivuta kiti chake hatua mbili hadi kwenye mwanga, akakaa polepole, akayafunua magoti yake yapate joto. Juu ya kabati taa moja ya kijani ikazimika.

"Imekata!" sauti ikatoka chumbani, na kiti cha mwandishi kikasikika kikisukumwa nyuma.

Mzee Waya alitazama mguu wa kiti, ulivyozama kwenye mkeka. Akainua macho. Yule mama alikuwa akimtazama, mikono imeshika kiti, uso wa mtu anayesubiri kusomewa barua. Hatua zilikuwa zinakaribia mlango.

"Ni mimi!" fundi akapaza sauti. "Nimegusa mimi! Kaa huko huko, mwanangu, usitoke!"

Hatua zikarudi. Mama akainuka, taa ikawaka. Fundi akaufunua mkeka. Waya ulikuwa umebonyea kama mrija uliokanyagwa, na nyuzi zake za shaba ndani bila shaka zilikuwa zikishikana kwa ncha tu. Lakini si hilo lililomsimamisha mkono. Mahali penyewe palipobonyea palikuwa pamezungushiwa uzi wa bluu, uzi wa cherehani, mizunguko midogo iliyobanana bila pengo, na mwisho wake umefichwa kwa fundo ambalo mtu asiyeshona hawezi kulifunga. Uzi wenyewe ulikuwa umeshapauka na kushika vumbi. Haukuwa wa jana.

Alipogeuka, yule mama alikuwa anatazama nje dirishani.

Alikata kile kipande. Akapitisha waya mpya juu, ukutani, ukizunguka fremu ya mlango kwa vibanio vidogo, mbali na mguu wa kiti chochote. Akafunga vichwa vipya vya kuchomekea pande zote mbili, akapima mara tatu. Kisha akakishika kiti cha marehemu kwa mikono miwili na kukirudisha palepale kwenye jua.

Alhamisi alikuja tena, ingawa hakuitwa. Akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Mama alikaa kitini tangu saa tatu, mgongo wima, kama mwanafunzi kwenye mtihani. Saa nne ilifika, jua likamfikia, hakutikisika. Jirani alibisha hodi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake yule mama alijibu "karibu" akiwa ameketi. Jirani mwenyewe aliduwaa mlangoni.

"Unaumwa?" akauliza.

"Sijambo. Nimekaa tu," mama akajibu.

Saa sita na dakika chache mlango wa nyuma ukafunguka. Mwandishi alitoka visikilizio vikining'inia shingoni, akapiga magoti mbele ya kile kiti na kulaza kichwa mapajani kwa mkwewe. "Saa zote tatu, mama. Haikukata hata mara moja." Mkono wa yule mama ulikaa hewani kidogo, kama hauna hakika ya njia, kisha ukatua kichwani kwake.

"Ilikuwa nini, mzee?" mwandishi akauliza baadaye, kazi ikiwa imeshathibitishwa kwa barua.

"Waya ulichoka. Ulikuwa wa siku nyingi." Akafunga mkoba wake, akasita. "Ila kuna jambo moja la kitaalamu. Kompyuta yako isifanye kazi mfululizo. Siku zisizo na kikao, ifikapo saa nne, iache dakika kumi na tano. Toka sebuleni, kaa na mama, mnywe chai. Chombo kinapenda kupumzishwa."

"Hilo limeandikwa kwenye kitabu chake?"

"Kitabu chake hakijui kila kitu."

Baadaye alisikia kwamba mwandishi alilifuata shauri hilo. Redio ya mkewe aliitengeneza wiki ile ile, na mkewe akataka kujua ni nyumba gani imemtia adabu.

Kipande cha waya chenye uzi wa bluu kimebaki kwenye mkoba wake, kati ya plaisi na vichwa vya akiba. Miezi mingi baadaye alipita kuwajulia hali, akamkuta mama peke yake kwenye jua, na mama hakuinuka, akamnyooshea tu mkono. Fundi akakitoa kile kipande, akakiweka kwenye mkono wa kiti. Yule mama alikigeuza mara moja, akakipapasa mahali pa fundo, akamrudishia. Kisha akamuuliza anatia sukari vijiko vingapi.

Viwili, alimwambia. Na swali lake mwenyewe alikuwa ameshaliuliza alipokiweka kile kipande, kwa sauti ya chini ili lisifike chumba cha nyuma: mama, uzi huu uliufunga ili waya upone, au uliufunga ili usikatike kabisa, ukatike kidogo tu, kiasi cha kikombe kimoja cha chai?