Daftari la Fizikia

Mimi ndiye niliyetoa wazo la dua. Nalisema mapema, maana kijijini kwetu, huku Mkalama, sifa yake bado napewa mimi, na kila nikipewa natamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilikuwa katibu wa kamati ya wazazi. Kwenye kikao, mama mmoja mkulima wa vitunguu alisimama akauliza, "Watoto hawana mwalimu wa fizikia tangu kidato cha pili. Mtihani ndio huo unakuja. Tunafanyaje?" Mkuu wa shule akatazama viatu vyake. Hapo ndipo mtu alitakiwa kusema twendeni wilayani, tukae mlangoni mpaka tupewe mwalimu. Mimi sipendi ugomvi. Nikasema, "Tuwaombee watoto." Kikao kizima kilishusha pumzi, nikaandika kwenye muhtasari kwamba imepitishwa.

Dua ilifana. Shehe aliomba, mchungaji akaomba, tukala pilau ya mbuzi. Watahiniwa walipanga kalamu na madaftari juu ya mkeka ili yaombewe. Daftari la fizikia la binti yangu lilikuwa safi kuliko yote, hata pembe hazijakunjika. Nikajivuna kwamba mwanangu anatunza vitu.

Tangu siku hiyo alifunga kila Jumatatu na Alhamisi. Nilipomhimiza asome, alinijibu bila jeuri yoyote, "Fizikia tumeshamwachia Mungu, baba." Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Alitaka uuguzi, na uuguzi unataka fizikia. Matokeo tuliyaona kwenye simu tukiwa shambani, tunapalilia alizeti. F. Hakulia, alimaliza mstari wake wa jembe. Lakini adhuhuri hakuinuka kuswali, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Mama yake alimgombeza mpaka sauti ikamkauka.

Jioni moja nikamfuata jikoni. "Mwanangu, swala umeiacha kwa nini?"

"Nilifunga, baba. Sikukosa hata siku moja. Sijui nina dhambi gani. Mungu hanitaki."

Iliniuma kuliko ile F. Nikamwambia maneno ambayo nilipaswa kuyasema siku ya kikao: kwamba Mungu hakumfelisha, kwamba yeye hakufundishwa, na sisi wazazi tulijua. Nikamwambia dua ile niliileta kwa woga, kwa sababu kuomba kulikuwa rahisi kuliko kudai mwalimu.

Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari lile. Nikalifungua kwa mara ya kwanza. Kurasa tatu zilikuwa na maandishi, yote ya kidato cha pili. Zilizobaki zilikuwa nyeupe. Nikamrudishia.

Hakulipokea. Alilisukuma kwangu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama tulivyomfundisha.

"Kaa nalo, baba," alisema. "Utaandikia mihtasari ya vikao."